Munkoyo Ni Kazi, Munkoyo Ni Chakula: Tamko la Wapika Pombe za Kienyeji wa Lubudi

Sisi, akina mama na akina baba tunaopika munkoyo, kibuku na mbote katika teritwari ya Lubudi, jimbo la Lualaba, tunatoa tamko hili kwa wananchi wote wa jimbo, kwa Mwami wa Bayeke na machifu wote wa teritwari, kwa serikali ya jimbo iliyoko Kolwezi, kwa wabunge wetu, na kwa makampuni yanayochimba shaba na kobalti katika ardhi ya wazee wetu.

Tunalo neno moja la kusema, na mengine yote yanatoka humo. Kupika pombe ya kienyeji ni ufundi na ni kazi halali. Mama anayepika mitungi miwili nyuma ya nyumba yake ni mzalishaji, kama alivyo mzalishaji mwenye kiwanda chenye mabomba ya chuma. Tunaomba ahesabiwe hivyo katika sheria, katika bajeti na katika mawazo ya watu. Hatuombi huruma. Tunaomba maji yaliyopimwa, mizizi isitoweke porini, soko lisilo na unyang'anyi, na heshima inayomstahili mtu anayelisha wenzake.

Lubudi inajulikana kwa vitu vinavyoondoka. Reli ya BCK iliyofika Ilebo mwaka 1928 ilipita hapa, na treni zilibeba mali ya Katanga kuipeleka mbali. Kiwanda cha simenti cha tangu enzi ya Wabelgiji kilijenga nyumba za miji ambayo wengi wetu hatujaiona. Leo shaba na kobalti ya Tenke na Fungurume, iliyo ndani ya teritwari yetu, hupanda malori usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa na bandari za mbali. Munkoyo haiondoki. Mahindi yake yanalimwa hapa au yananunuliwa sokoni hapa, mizizi yake inachimbwa katika pori letu, inanywewa na watu wetu siku ileile au kesho yake, na pesa yake inalipa daftari za shule na dawa ya mtoto kabla jua halijazama. Katika uchumi wote wa Lubudi, ni vitu vichache tu vinavyozunguka namna hiyo bila kuvuja.

Wako watu, hasa vijana waliokulia mjini, wanaodhani munkoyo ni uji uliochacha kwa bahati. Tunataka waelewe kazi iliyomo. Bunga la mahindi linachemshwa kwa maji mengi mpaka liive kabisa, kwa saa kadhaa, huku likikorogwa lisishike chini ya sufuria. Kisha linaachwa lipoe. Hapa ndipo pana ujuzi: likiwa moto sana, mzizi unakufa na hautafanya kazi, likiwa baridi sana, kazi inakwenda polepole na uchafu unapata nafasi ya kuingia. Mama hana kipimajoto. Anatumia mkono wake, na mkono huo umefundishwa na mkono wa mama yake.

Mizizi ya munkoyo, ambayo wataalamu wa mimea huiweka katika jamii ya kunde, katika jenasi za Rhynchosia na Eminia, inatwangwa mpaka inakuwa nyuzinyuzi kama kamba iliyofumuliwa. Nyuzi hizo zinaloweshwa katika ule uji. Baada ya muda mfupi uji mzito unalegea, unakuwa mwepesi, na unaanza kuwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Sababu yake inajulikana: ndani ya mzizi mna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Kazi hiyo katika bia ya Ulaya inafanywa na kimea cha shayiri, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Katika sehemu kubwa ya Afrika inafanywa na kimea cha mtama au ulezi. Kwetu, katika misitu ya miombo ya Katanga na ya Zambia, inafanywa na mzizi wa porini. Pombe zinazotegemea mzizi kwa kazi hiyo ni chache mno duniani, na wazee waliogundua jambo hili hawakuwa na maabara wala kitabu.

Uji ukishalegea unachujwa, machicha yanapewa nguruwe au mbuzi, na kinywaji kinalala usiku mmoja katika kibuyu au ndoo. Vijidudu vya chachu na vile vinavyotia uchachu vinaendelea na kazi yao. Asubuhi munkoyo ni tamu yenye ukali kidogo, anaweza kuinywa mtoto, mama mjamzito, fundi aliyetoka kazini na mkristo asiyegusa pombe. Ikikaa siku mbili au tatu inapanda, inakuwa pombe ya watu wazima. Kwa hiyo katika mtungi mmoja kuna chakula na kuna sherehe, na mpishi hodari anajua saa ya kuuza kila kimoja. Profesa François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi hapa Katanga, alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula vya miombo. Katika ndimi za Kibemba, Kisanga na Kiluba maarifa hayo yalikuwepo kabla ya kitabu.

Ziko na pombe nyingine. Kibuku ni nzito, ya mtama au mahindi. Mbote ni ya asali, na ubora wake unafuata maua ya msimu. Kaskazini, kuelekea mabonde ya Upemba, kuna wanaogema michikichi. Tumeisema munkoyo kwa urefu kwa sababu ndiyo inayopikwa na wengi zaidi kati yetu, na ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Historia ya pombe hizi ni historia ya kuvumilia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, uliweka mipaka juu ya pombe kali kwa Waafrika. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika alikatazwa kununua mvinyo na pombe kali mpaka mwaka 1955. Bia ya viwandani ilianza kupikwa nchini katika miaka ya 1920, Léopoldville na Élisabethville, na ikawa kinywaji cha mtu aliyeendelea. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoanza, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, kuwaacha wafanyakazi wakae kambini na wake zao, akina mama walifika na vinu vyao na ujuzi wao. Walipika katika nyua ndogo za kambi, mara nyingine kwa kujificha. Mshahara wa mgodi ulilisha nyumba, na mtungi wa mama ulifidia pale mshahara ulipokwisha kabla ya mwezi. Tunawashukuru wale mama bila kuwajua majina.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Wabelgiji walistahili, wanazo bia nyingi, wanazo abasia za watawa wanaopika kwa namna yao, na wamezilinda. Mwaka 2017 nsima ya Malawi, ndugu wa bukari letu, iliandikwa pia. Mwaka 2021 rumba ya Kongo ikaingia, na nchi nzima ikafurahi. Tunauliza wizara inayosimamia utamaduni na serikali ya jimbo: munkoyo imekosa nini? Tunaomba kazi ya kuiandika katika orodha ya urithi wa taifa ianze, ikishirikiana na Zambia ambako kinywaji hiki kinapendwa vilevile, maana mpaka uliochorwa na wazungu haukuigawa miombo.

Hatuna ugomvi na bia za chupa. Simba na Tembo za Lubumbashi ni sehemu ya maisha ya Katanga, zimekuwepo katika ndoa zetu na katika misiba yetu, na zinaajiri ndugu zetu. Lakini bia ya chupa inategemea shayiri na hopsi zinazotoka ng'ambo, inategemea dola, inategemea barabara. Katikati ya mwaka 2024 nchi yetu ilipozuia bia na vinywaji vya sukari kutoka Zambia, wasafirishaji waligoma, na tarehe 10 Agosti Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Jimbo zima lilihesabu saa. Mwaka 2023, bunga lilipopanda bei mpaka familia nyingi zikala mara moja kwa siku, tulijifunza pia jinsi tunavyotegemea mahindi ya jirani. Somo hili linatugusa sisi wapishi wenyewe: kibuku na munkoyo haviwezi kusimama bila mkulima wa Lubudi. Kila franka itakayowekwa katika mbegu na barabara za mashamba ni franka iliyowekwa katika mitungi yetu.

Juu ya lutuku tunasema wazi, kwa sababu watu wanatuchanganya. Lutuku ni pombe ya kuchemsha na kukusanya mvuke. Ikipikwa katika mapipa yaliyowahi kubeba dawa au mafuta, bila kutupwa yale matone ya kwanza, inaweza kupofusha na kuua. Tumezika vijana. Wanachama wetu hawapiki lutuku kwa jina la chama chetu cha wapishi, na hatutamtetea mtu yeyote anayeuza sumu kwa wachimbaji wenye umri wa watoto wetu. Hata hivyo, kuwakamata akina mama peke yake hakujamaliza lutuku tangu ukoloni. Kenya ilifuta mwaka 2010 sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, ikaruhusu iuzwe kwa leseni na katika chupa. Wazo lilikuwa zuri, ila masharti ya namna hiyo ni mazito kwa mama wa sufuria moja. Anayeyaweza ni mwenye mtaji. Sheria yetu, itakapotungwa, ianze kwa kuwauliza wanaopika.

Jambo linalotunyima usingizi zaidi ni maji. Lita nyingi za mtungi wa munkoyo ni maji, na maji yetu yanapita katika nchi ya migodi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao, wakiwemo watoto. Kobalti huingia mwilini kwa vumbi, kwa chakula na kwa maji. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kiasi kikubwa kinatoka katika jimbo hili.

Historia ya bia yenyewe inatuonya. Mwaka 1965 na 1966, katika mji wa Québec, Kanada, madaktari waliona wanaume waliokuwa wakinywa bia nyingi wakifika hospitalini na mioyo iliyodhoofika ghafla. Karibu 20 walikufa. Ilipochunguzwa ikaonekana kwamba kiwanda kilikuwa kinatia chumvi ya kobalti katika bia ili povu lisimame vizuri katika glasi. Visa kama hivyo vilionekana pia Marekani na Ubelgiji, na desturi hiyo ikaachwa. Wale walitia kobalti kwa makusudi, kwa ajili ya povu. Sisi hatutii kitu. Lakini kama kijito tunachochotea maji kinapokea uchafu wa mgodi, nani atamwambia mama kilichomo katika mtungi wake? Macho hayaoni kobalti. Ulimi hauionji.

Kwa hiyo hili ndilo ombi letu la kwanza na kubwa kuliko yote: kila kisima, kila kijito na kila bomba linalotumiwa na wapika pombe na vyakula katika Lubudi lipimwe, na majibu yasomwe hadharani kwa Kiswahili, sokoni na kanisani, kijiji kwa kijiji. Mahali maji ni mabaya, visima virefu vichimbwe. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Kolwezi vina watu wa kufanya vipimo hivyo, na tunawakaribisha wanafunzi wao waje wapime pia munkoyo yenyewe, tangu bunga mpaka kikombe. Hatuogopi majibu. Mpishi anayejua kwamba maji yake ni mazuri atauza akiwa ameinua kichwa.

Pesa ya kazi hiyo ipo. Sheria ya madini namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sheferi, sekta na komini ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena sheria hiyohiyo inamtaka kila mwenye mgodi atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Tunawaomba viongozi wa sheferi, sekta na komini zetu watenge sehemu ya ile 15, na kamati zinazosimamia ile 0.3 zikubali mradi wa wapishi: visima, vibanda vya kupikia vyenye sakafu na paa, majiko yanayokula kuni kidogo, mashine ya kusaga ya pamoja. Hayo si mambo ya mamilioni. Ukilinganisha na gharama ya barabara moja ya malori ya mgodi, ni kitu kidogo sana, na faida yake itaonekana ndani ya msimu mmoja.

Makampuni ya madini yanaweza kufanya jambo jingine jepesi zaidi. Kantini zao zinalisha maelfu ya wafanyakazi kila siku. Munkoyo ya asubuhi, ile isiyolevya, inafaa mezani kwa mfanyakazi kuliko soda iliyosafiri kilomita mamia. Nunueni kwetu. Wekeni masharti ya usafi, nasi tutayatimiza. Zambia imeonyesha njia: maheu ya mahindi inauzwa madukani katika chupa, na pombe ya chibuku, iliyoanza kutengenezwa kiwandani Kitwe katika miaka ya 1950, ilivuka mipaka ikafika hata Dar es Salaam. Arusha, Tanzania, kampuni ya wazalendo inauza mvinyo wa ndizi katika chupa, na asili yake ni pombe ya nyumbani ya mlimani Kilimanjaro. Hatusemi kila mama awe kiwanda. Tunasema mlango uwe wazi kwa anayetaka kuingia.

Mizizi ndiyo uhai wetu, na inapungua. Pori linakatwa kwa ajili ya makala ya miji, linafunguliwa kwa migodi, na wachimbaji wa mizizi wanakwenda mbali zaidi kila mwaka. Baadhi yao wanang'oa mmea wote, na mmea uliong'olewa wote haurudi. Tunawaagiza wanachama wetu wasinunue mzizi kwa mtu anayeng'oa mpaka mwisho: achukue sehemu, aache sehemu, afukie shimo. Tunawaomba machifu walitangaze hilo kama sheria ya ardhi yao, kwa kuwa neno la chifu porini linasikika kuliko karatasi ya ofisi. Na tunawaomba wataalamu wa kilimo wajaribu pamoja nasi kupanda munkoyo katika mashamba, jambo ambalo wazee hawakuhitaji kulifanya kwa sababu pori lilikuwa kubwa.

Kuhusu kodi, sisi si wakwepaji. Tuko tayari kulipa ada moja, inayojulikana, mara moja kwa mwaka, yenye risiti. Tunachokataa ni kulipa kila juma, kwa kila anayefika na kofia au na kitambulisho, bila karatasi yoyote. Tangu sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliporekebisha Kanuni ya Familia, mwanamke wa Kongo hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili afungue biashara. Wengi wetu bado hatujaambiwa. Ofisi zetu za uandikishaji zifike vijijini zikiwa na habari hiyo, na zipokee jina la mama kama anavyolitaja mwenyewe.

Kwa upande wetu tunajifunga mbele yenu. Tutapika kwa maji yaliyopimwa pale yatakapopatikana. Hatutatia sukari ya kudanganya wala dawa ya kuharakisha. Hatutauza munkoyo iliyopanda kwa mtoto. Tutaosha vyombo vyetu na kuvifunika. Mwanachama atakayevunja haya atasimama mbele ya wenzake na kueleza, na akirudia atatoka katika chama.

Kila tarehe 20 Desemba Bunkeya hujaa watu wanaokuja kumkumbuka M'siri, Mwami wa Bayeke, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891. Wageni hutoka Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Zambia. Tunaiomba serikali ya jimbo na Mwami watupe nafasi pale, tupange mitungi yetu kwa majina ya vijiji, ili mgeni aonje munkoyo ya Fungurume kando ya ile ya Bunkeya, na mbote ya msimu wa mvua kando ya ile ya kiangazi, na aulize ni nani aliyepika. Kijiji cha Bunkeya kilimzaa Mwenda Jean Bosco, ambaye gitaa lake mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi nyingi wanajifunza vidole vyake. Kinajua kuonyesha dunia kilicho chake.

Na wewe unayesoma au unayesomewa tamko hili, kabla ya kutoa pesa kwa chupa iliyotoka mbali, ulizia kwanza mama anayepika karibu na kwako. Nunua kwake, mlipe bei yake bila kumpunguzia, mwambie ukweli kama munkoyo yake ni nzuri au ina kasoro, na umpeleke binti yako akajifunze kwake wakati mikono yake bado ina nguvu.

Limetolewa Lubudi, kwa niaba ya wapishi wote wa teritwari.